Nilivyomtolea Mahari Mchumba wa Mtu

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Mpanda ni ndogo na hii habari imeshafika mpaka ndani ya treni ya Kaliua: ni kweli, mimi Deo, mwandishi wa blogu ya vyakula, mtu mzima mwenye ndevu, nusura nivunje uchumba wa msichana wa watu kwa sababu ya video ya wali na mchuzi. Msichana mwenyewe sikuwa namtaka. Na yeye hakuwa ananitaka (alishaniambia mara mbili, tena bila kuulizwa). Nilichokuwa nataka mimi ni watu waende wakale kwa mama yake, basi, wala sikuwa na lingine moyoni. Lakini aibu niliyoipata Jumamosi ile, mbele ya wazee wa pande mbili na mama yangu mzazi, mpaka leo nikipita nyuma ya stesheni navuta kofia.

Blogu yangu inaitwa Mahali pa Kula. Niliianza miaka ile tukiwa bado tunalipia dakika kwenye intaneti kafe, mimi nakaa pale naandika ukurasa mzima juu ya chapati moja, nani kaikanda, kaikunja vipi, katumia mafuta gani, halafu mwisho naweka picha moja yenye giza. Wasomaji wangu walikuwa kama ishirini, lakini wasomaji hasa, wa kusoma mpaka nukta ya mwisho. Kulikuwa na daktari mmoja alikuwa ananipigia simu kunisahihisha koma. Baadaye watu wakahamia kwenye ule mtandao wa kuongezana marafiki, nikahama nao. Wakahama tena kwenda kwenye mtandao wa picha, nikahama, nikajifunza kupiga picha sahani kwa juu nikiwa nimesimama kwenye kiti (niliwahi kuanguka na kiti chenyewe juu ya beseni la maandazi, lakini hiyo tuiache). Wakaingia kwenye magrupu ya simu, nikaingia, ukurasa wangu ukawa mistari mitatu. Unawafuata watu kama mfugaji anavyofuata majani, na kila unapowakuta wanataka maneno machache kuliko walikotoka. Mwaka huu wakahamia kwenye video fupi, na huko kuandika hakutakiwi kabisa, unatakiwa ufungue mdomo uongee.

Sasa mimi kuongea sikuwa na wasiwasi nako. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinicheka mbele ya wenzangu kwa sababu nilisema "naomba luhusa" (Kikonongo alichonilea nacho mama sikumbuki kama kina R, kama kinayo, sisi nyumbani hatukuitumia), na tangu siku ile nikaapa kwamba R haitanipita tena, nikaishika kwa mikono miwili, nikakua nayo, nikamaliza nayo shule, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa naamini kabisa kwamba ulimi wangu umenyooka. Kazi yangu ya mchana ni kuchapa barua kwenye duka la steshenari pale mjini, na kwenye barua sijawahi kukosea hata herufi moja. Kwa hiyo nilijiona nimeiva.

Jirani yangu pale dukani ni Zuhura, anauza kava na chaja za simu, na mambo yote mapya ya mitandao huwa anayajua kabla yangu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba video bila maandishi ya chini ni kazi bure, kwa sababu watu siku hizi wanaangalia wakiwa ofisini, wakiwa kanisani, wakiwa kwenye foleni ya hospitali, sauti wamezima. Akanionyesha kitufe: unabonyeza, simu inakusikiliza, inaandika yenyewe kila unachosema.

"Ila Mwandishi," akasema (mimi ananiita Mwandishi, na sijui kama ni heshima au dharau), "usome kabla hujarusha. Hii kitu inakosea."

Nikamwambia sawa. Na hapo ndipo penye kosa langu lote, wala msitafute kwingine. Sikusoma. Kwanza kioo cha simu yangu kimepasuka upande wa chini, kina doa jeusi palepale maandishi yanapotokea, na pili, niseme ukweli, niliona ni kujidharau, mtu aliyeandika miaka yote hiyo akae asome kilichoandikwa na simu.

Basi Alhamisi mchana nikaenda kwa Mama Tekla. Mama Tekla ana mgahawa nyuma ya stesheni, mabenchi sita na mabati, na nyumba yao iko hapohapo uani. Ana mgebuka wa kukaanga, samaki anayetoka ziwani, ana wali wa mchele wa Usevya, na siku za Jumamosi anachinja mbuzi. Binti yake, Tekla, ndiye anayehudumia. Nilikuwa najua kwamba Tekla ana mchumba, kijana mmoja anaitwa Masanja, wa zile familia za Wasukuma zilizokuja na ng'ombe wao zikakaa kule upande wa Usevya; barua ya posa ilishaletwa na ikajibiwa, na Tekla alikuwa na ile furaha ya msichana anayekupa ndimu mbili wakati umeomba moja. Nilichokuwa sijui ni kwamba wazee wa Masanja wangekuja kuleta mahari Jumamosi hiyohiyo.

Kila video yangu naianza na salamu yangu mwenyewe, "Leo nimeleta mahali!", kwa sababu blogu ni Mahali pa Kula, mmeona, na kila siku nawaletea watu mahali papya. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya pilipili, nikavuta shati, nikasafisha koo, nikaweka ile sauti ya mtu wa redio, nikasema hivi, na nayakumbuka yote maana baadaye nilisomewa: "Leo nimeleta mahali kwa Mama Tekla! Na mahali penyewe si pa mchezo. Kuna ng'ombe, kuna mbuzi, kuna kuku wa kienyeji. Mama mwenyewe amenipokea kwa mikono miwili, na Tekla kaninawisha. Kwa kweli nimeridhika, mahali pengine sitafuti tena!" Halafu nikageuza simu nikamwonyesha Tekla akicheka kashika jagi la maji, nikabonyeza kitufe, nikarusha, nikala.

Sasa nyie mnaosoma mmeshaona kitakachotokea, lakini mimi siku ile nilikuwa natafuna mgebuka. Kilichoandikwa chini ya uso wangu, kwa herufi kubwa nyeupe, kilikuwa hiki: LEO NIMELETA MAHARI KWA MAMA TEKLA. Na mahari penyewe si pa mchezo. Kuna ng'ombe, kuna mbuzi, kuna kuku wa kienyeji. (Hilo "penyewe" lingeweza kumshtua mtu, lakini watu wa mitandaoni sarufi hawaiulizi, wakiona kosa wanasema bwana harusi kazidiwa na furaha.) Na mwisho kabisa, juu ya picha ya Tekla anacheka: NIMERIDHIKA, MAHARI PENGINE SITAFUTI TENA.

Jioni hiyo simu ilianza kulia na haikunyamaza. Nilikuwa sijawahi kupata watazamaji namna ile tangu nianze, hata siku ya chapati. "Hongera sana kaka." "Hongera, umechagua vizuri." "Mungu aibariki." Nikakaa kitandani machozi yananilengalenga, nikajiambia Deo, hatimaye umeelewa mtandao. Na kwa kuwa nilifundishwa adabu, nikaanza kujibu kila mtu. Mmoja akauliza, "Lini sasa tuje kula?" Nikamjibu: "Jumamosi mchana, njooni wote, mbuzi yupo." Mwingine: "Ulianza lini?" Nikamjibu kwamba nilianza kuonja pale zamani, ila nilikuwa sijatangaza. (Mungu wangu.) Mwingine akasema, "Shemeji yetu mzuri jamani," nikadhani anamsifia mgebuka, vijana wa siku hizi kila kitu wanakiita wanavyotaka, nikamjibu, "Sana, na ukimkuta wa moto ndiyo utajua."

Ijumaa nilikuwa na barua nyingi za kuchapa, simu nikaiacha chini ya meza. Nilipoitazama saa kumi nikakuta Mama Tekla amenipigia mara kumi na moja. Mtu mwenye akili angepiga kuuliza kuna nini. Mimi nikatabasamu. Nikasema mama wa watu kazidiwa na wateja, anataka kunishukuru, na shukrani haifai kwa simu, nitaichukua kesho ana kwa ana. Nikanyoosha shati la kesho.

Jumamosi nikafika nyuma ya stesheni saa saba mchana, na nilipoona watu wamejaa mpaka barabarani, bajaji zimepangwa, moyo wangu ulikuwa mkubwa kuliko kifua. Wapo waliovaa suti. Wapo waliobeba zawadi zimefungwa kwenye karatasi ya maua, nikaona hilo ni ajabu kidogo, mteja kuleta zawadi hotelini, lakini nikasema labda ndiyo mambo ya wafuasi. Watu wakanipisha njia wakinipiga mabegani. Nikaingia na simu nimeinyanyua juu, narekodi, huku nasema "asanteni, asanteni," mpaka nikatokea uani.

Uani hakukuwa na mteja. Kulikuwa na mikeka na viti, na upande mmoja wamekaa wazee sita wenye fimbo, kimya, na nyuma yao kasimama kijana mrefu ambaye hakunitazama usoni, naye nikamjua kuwa ni Masanja. Upande wa pili alikaa Mjomba Kasiani, kaka yake Mama Tekla, mzee mfupi anayesifika kwa kusuluhisha kesi za watu na kwa kutocheka. Mama Tekla alisimama mlangoni akaniangalia kama mtu aliyekuta panya kwenye unga. Na Tekla alikuwa kakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kajifunika khanga mpaka puani, macho yamevimba.

Nikashusha simu.

Kabla sijafungua mdomo tukasikia vigelegele huko nje. Vigelegele na wimbo, vinakaribia, watu wanapisha, halafu nikaona kitambaa ninachokijua. Ni mama yangu. Mama yangu kutoka Misunkumilo, na akina mama wa jumuiya yake wapatao kumi, wamevaa sare, wanaimba, na yeye mbele kabisa amekumbatia jogoo mwekundu na doti ya khanga mpya kichwani.

"Mama," nikasema, "umefuata nini huku?"

"Nimemfuata mkwe wangu!" akasema kwa furaha ambayo mpaka leo ikinijia inaniuma. Baadaye alinieleza kwamba binti wa jirani alimwonyesha video tangu Alhamisi jioni, akasoma mwenyewe herufi kwa herufi. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema: "Niliogopa nikikuuliza utabadili mawazo. Miaka yote hiyo nakuombea, Deo, nianze tena kukuuliza?"

Kwa hiyo muone picha hiyo: ua mmoja, binti mmoja, na pande mbili za waoaji, mmoja una fimbo na mwingine una jogoo.

Mzee aliyekuwa mkubwa kwa wale wa Usevya, baba mkubwa wa Masanja, anaitwa Mzee Shija, akasimama taratibu. Yeye ulimi wake ni wa Kisukuma safi, R haigusi hata kwa bahati mbaya. "Sisi tulileta balua," akasema, "na balua mkaijibu. Leo tumekuja na mahali yetu kama tulivyokubaliana. Jana tukaonyeshwa kwenye simu kwamba kuna mtu ametangulia kuleta mahali. Hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza tu, kama binti ana wawili, sisi tuludi na ng'ombe wetu."

Tekla akainua uso. "Baba, mimi huyu sina habari naye!" akasema. "Masanja, nimekupigia simu tangu jana, hupokei!" Masanja akaendelea kuangalia chini. Mimi nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia maishani, kwa sababu mpaka pale nilikuwa nafikiria aibu yangu mimi, na kumbe kulikuwa na mtu anapoteza mume.

Mjomba Kasiani akaninyooshea kidole. "Kijana. Ulileta mahari gani hapa?"

"Sijaleta mahari, mzee!" nikasema. "Mimi nilisema mahali! Mahali pa kula! Simu ndiyo imeandika vibaya, hizi simu zinakosea, muulizeni hata Zuhura. Nyie mliangalia bila sauti. Wekeni sauti! Wekeni sauti mtasikia wenyewe!"

(Naomba mzingatie kwamba mimi ndiye niliyeomba sauti iwekwe. Hakuna aliyenilazimisha.)

Masanja akatoa simu yake, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka juu ya stuli katikati ya ua. Watu wakanyamaza, hata jogoo wa mama alinyamaza. Na ikatoka sauti yangu, ile ya mtu wa redio, imenyooka, inajiamini, tena kubwa: "Reo nimereta mahari kwa Mama Tekra!"

"Na mahari penyewe si pa mchezo..." ikaendelea, R moja baada ya nyingine, "Tekra kaninawisha... mahari pengine sitafuti tena!" Ikaisha. Ikaanza tena yenyewe, maana hizi video zikiisha zinajirudia, "Reo nimereta mahari", mpaka Masanja alipoizima. Nilikuwa nasikia ulimi wangu kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili. Simu haikukosea hata kidogo. Simu, kwa huruma yake, ilikuwa hata imenirekebishia "reo" na "nimereta" na jina la binti wa watu, ikaacha lile moja tu, kwa sababu mahari ni neno na lina maana yake, na yenyewe ingejuaje kwamba mjinga huyu alikuwa anazungumzia benchi la kukalia?

Mmoja wa akina mama wa jumuiya akaanza kucheka kwa pua. Mjomba Kasiani akamnyamazisha kwa jicho. Halafu akanigeukia mimi, sasa kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Kijana, huyu binti anaitwa nani?"

Nilivyokuwa nimeogopa, nikataka kulisema vizuri, kwa heshima zote. "Tekra," nikasema.

"Rudia."

"Tek... Tekra." Naapa nilikuwa nakusudia L. Niliiona kabisa kichwani, imesimama imenyooka, nikaiendea, na ilipofika mdomoni ikawa R.

"Mara ya mwisho. Polepole."

"Te-ke-ra," nikasema, na hapo nikawa nimeharibu zaidi.

Ua mzima ukapasuka. Akina mama wa jumuiya waliokuja kuniimbia waliketi chini kwa kucheka, Mama Tekla pale mlangoni akajifunika uso kwa upawa, na Mzee Shija akacheka mpaka fimbo ikamponyoka, akawa anasema, "Jamani, huyu mtoto L amezipeleka wapi, aje kwangu nimpe, mimi ninazo nyingi!" Mjomba Kasiani peke yake hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akawaambia wazee wa Usevya: "Ndugu zangu, mmejionea. Mtu ambaye hata jina la msichana limemshinda, mnaweza kumwogopa? Huyu alikuja kula wali tu." Kisha akamgeukia Masanja. "Na wewe mwite, tusikie."

Masanja akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Tekla," akasema.

Alilisema taratibu, vizuri, bila kuhangaika. Tekla akaishusha ile khanga kutoka puani. Halafu Mzee Shija akakaa, akasema, "Basi, mahali yetu iko palepale," na nilipotaka kutabasamu kwa ile "mahali" yake akaniangalia, nikafuta tabasamu, maana mtu mwenye matope hadi kiunoni hachekelei viatu vya mwenzake.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kurudi nyuma kinyumenyume kuelekea mlango wa mgahawa.

"Wewe unakwenda wapi?" akauliza Mjomba Kasiani. "Maneno yako yamesikika mkoa mzima. Umetangaza mbele ya watu kwamba umeleta ng'ombe, mbuzi na kuku kwenye nyumba ya dada yangu. Sisi mahari haitajwi ikarudi hewani, ni mkosi kwa binti. Ng'ombe tunakusamehe, kwa sababu kazi ya kuchapa barua tunaijua. Kuku namwona, mama yako ameshamleta. Bado mbuzi."

Nikamwangalia mama anitetee. Mama akambusu yule jogoo kichwani, akamkabidhi Mama Tekla kwa mikono miwili, akasema mbuzi atakuja Jumatatu, na akina mama wa jumuiya wakapiga vigelegele palepale, kwa sababu walishakuja wamejiandaa na vigelegele na haikufaa kurudi navyo.

Halafu mama akaishusha ile doti kichwani. Alikuwa ameinunua Ijumaa, mpya, bado ina gundi. Akaenda pale kwenye kinu, akamfunga Tekla kiunoni, akamwambia: "Hii niliinunua kwa ajili ya mkwe, na mkwe ni mkwe hata kama ni wa mwenzangu. Uolewe vizuri, mwanangu." Tekla akamkumbatia, wakalia wote wawili, na mimi nikasimama katikati ya ua na simu yangu sijui niiweke wapi. Nilimwomba Tekla msamaha palepale, mbele ya watu wote, bila kulitaja jina lake. Akasema, "Nimekusamehe, kaka Deo, ila jana usiku nilishafungasha nguo niende kwa shangazi, nisiwaone watu." Hilo ndilo lililonimaliza, zaidi ya kicheko cha wote.

Wageni wangu wa mtandaoni walikula, tena walikula sana, na zawadi zao akapewa bibi harusi wa kweli, kwa hiyo sina budi kukiri kwamba tangazo lilifanya kazi. Video ya masahihisho tuliipiga siku ileile. Tekla aliongea, mimi nilishika simu, na Zuhura nilimwita aje asome maandishi ya chini mara mbili kabla hatujarusha. Jumatatu nikaburuta mbuzi dume kutoka mnadani mpaka nyuma ya stesheni, na njia nzima watu wananipungia mkono wakiniita shemeji. Kwa hiyo katika Mpanda yote, na nimeuliza, mimi ndiye mwanaume pekee aliyetoa mbuzi na kuku kwa ajili ya mwanamke, akala sherehe, akarudi kulala peke yake.

Blogu bado ipo. Nimejifunza kwamba mtandao haukunionea, ulinisikia tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa miaka yote bila kujisikiliza. Siku hizi naandika, Zuhura anasoma kwa sauti, na sirushi kitu kabla hajaniambia tayari.

Mama hakunigombeza. Siku ile nilimrudisha Misunkumilo kwa bajaji, na tulipokaribia nyumbani kwake ndipo akasema, "Deo, siku utakayopata wako kweli, nenda naye popote, ila kwao nitakwenda mimi." Nikamwambia sawa mama. Na nimeapa: barua ya posa nitaiandika kwa mkono, ukurasa mzima, bila kosa hata moja, nitaikunja nimpe aipeleke, halafu nitabaki nyumbani nimefunga mdomo mpaka nisikie wamekubali.